Nuksi ya Otha Mabry

"Wewe! Hapo hapo! Usisogee!"

Otha Mabry alisimama kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe, mguu mmoja juu, mwingine chini, funguo mkononi. Aliyempigia kelele ni Mama Ozella, mama mkwe wake, aliyekuwa amechungulia pembeni ya pazia la sebuleni huku redio imemganda sikioni.

"Mama, natoka kazini. Nataka kwenda msalani tu."

"Mpira uko mikononi mwetu. Rudi kwenye gari."

"Mama, jambo lenyewe halingojei."

"Nenda kwa jirani, kwa Lucius."

"Lucius kanifungia mlango. Na yeye anasikiliza mechi."

Mama Ozella alifikiri kidogo, maana hakuwa mtu katili. "Nyuma ya banda," alisema hatimaye. "Na uzibe masikio."

Basi mwanamume mzima, fundi mkuu wa mabasi ya shule ya wilaya, shemasi wa kanisa, alikwenda nyuma ya banda lake akiwa ameziba sikio moja, kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa na shughuli. Na huko huko, kabla hajamaliza, akasikia vifijo vikilipuka kutoka kila nyumba ya mtaa. Timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Lessup ilikuwa imevuka mstari wa mwisho wa Waalabama huko ugenini. Mama Ozella alifungua dirisha akamwambia akae huko huko mpaka giza liingie.

Msitucheke sisi watu wa Lessup. Ninyi hamkuuona msimu uliopita. Msimu uliopita timu yetu, Nungunungu, ilishinda mechi moja tu, na tuliishinda kwa sababu basi la wapinzani liliharibika njiani wakashindwa kufika. Hata hiyo tuliishangilia. Halafu msimu huu, mechi ya kwanza, Otha alitumwa kwenye gari kuleta barafu. Hajafika hata kwenye gari, uwanja ukatetemeka: tumefunga. Akarudi mbio na barafu yake, akakaa, na papo hapo kijana wa upande wa pili akaukumbatia mpira akakimbia nao uwanja mzima, hakuna aliyemgusa hata shati.

Mama Ozella alimtazama mkwewe, akautazama uwanja, akamtazama mkwewe tena.

"Otha, nenda ulete barafu."

"Barafu hii hapa, Mama."

"Imeyeyuka."

Alipoondoka, tulifunga. Aliporudi, tulifungwa. Kufikia robo ya mwisho safu nzima ilikuwa imeshashtuka, na watu ambao hawajawahi hata kumsalimia walikuwa wakimwinamia kwa upole: "Kaka Otha, hujasahau kitu kwenye gari kweli? Hebu kaangalie tena."

Sasa, sisi ni watu wa Mungu, mambo ya nuksi hatuyaamini. Mchungaji Pettway ameshayahubiri mara nyingi. Ila ni yeye huyo huyo aliyevaa soksi za manjano siku ya ushindi ule wa kwanza, na tangu hapo hazijaona maji, na Jumapili akipanda madhabahuni waimbaji wa safu ya mbele hulazimika kuimba kwa kupumulia mdomo.

Tangu siku ile Otha akahamishiwa kwenye duka la mashine za kufulia nguo, ng'ambo ya barabara kuu. Pale mashine zikizunguka husikii redio wala tarumbeta za bendi. Kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani alikaa kati ya sabuni na soksi za watu, na kwa kukosa kazi akaanza kuwakunjia nguo. Timu ikazidi kushinda. Watu wakamletea sahani za mbavu za nguruwe na kambare wa kukaanga, zimefunikwa vizuri, wakaziweka mlangoni na kuondoka upesi. Lucius, jirani yake na kinyozi wake, akamnyoa bure, kwa sharti kwamba asiulize matokeo mpaka Jumatatu. Hajapata kupendwa hivyo maishani mwake, mradi tu asitokee mahali alipopendwa.

Na mtoto wake alikuwa anacheza. Hilo ndilo lililomchoma.

Tavares Mabry ndiye mwinamaji wa timu. Kazi yake ni moja. Timu inapotaka kuupiga mpira kwa guu upite katikati ya milingoti, yeye huinama juu yake na kuurusha nyuma, kupitia katikati ya miguu yake, hadi mikononi mwa mwenzake anayeitwa Deke, ambaye huushikilia chini ili mpigaji aupige. Akishaurusha, majitu matatu humwangukia. Mwinamaji akifanya vizuri hakuna anayejua kwamba yupo. Tavares alikuwa amefanya vizuri miaka minne mfululizo, kwa hiyo mjini hapa hakuna aliyekuwa na habari naye. Hata picha zake zote alizonazo mama yake, Vernell, zinaonyesha makalio.

Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Mwaka ujao angekuwa anafundisha hesabu shule ya msingi mahali fulani, na kuinama kwake kungekuwa kwa kuokota chaki. Miaka mitatu ya vipigo Otha hakukosa hata mechi moja. Alikaa kwenye mvua na mfuko wa plastiki kichwani, safu nzima tupu, akipiga makofi peke yake kila mwanawe alipoinama. Leo ushindi umekuja, na yeye anakunja shuka za watu wasiomjua. Alitaka kumwona mwanawe akicheza mara moja tu kabla mambo hayajaisha. Na ubaya zaidi ni kwamba yeye mwenyewe aliamini. Angekuwa haamini angeenda akakaa kitini mwake na Mama Ozella apasuke. Lakini aliamini, na hakutaka kuwa yeye wa kumharibia mtoto msimu mzuri pekee aliowahi kuupata.

Jumapili moja baada ya ibada, Tavares alikuja kula nyumbani. Vernell alikuwa amepika kuku, mboga za majani zilizochemka na mfupa wa nguruwe, na mkate wa mahindi. Vijana wa timu wanakula, msione. Alikula mpaka kuku akabaki mifupa, kisha akaweka uma chini.

"Baba, jana tena hukuja."

"Mabasi, mwanangu," Vernell alidakia kabla mumewe hajafungua mdomo. Walikuwa wamekubaliana kutomwambia. Mchezaji ukimjaza mambo kichwani, mikono humtetemeka.

"Mabasi ya shule, Jumamosi?"

"Ndiyo siku yanapopumzika. Sasa yatatengenezwa lini, yakiwa yamebeba watoto?"

"Mwongezee kijana mchuzi," Mama Ozella alisema.

"Bibi, nimeshiba." Tavares alimtazama baba yake. "Tulipokuwa tunapigwa kila wiki, hayo mabasi hayakuharibika hata siku moja. Tumeanza kushinda, yote yameoza. Baba yake Deke ni mlevi, watu wanajua, lakini anakuja. Anaimba wimbo wa timu nyingine, lakini anakuja."

Otha alikuwa na mkate mdomoni. Aliumeza mzima. "Nitajitahidi," alisema.

"Usijitahidi, Baba. Kama unaona aibu kuwa na mtoto wa kuinama tu, sema. Mimi si mtoto."

Akambusu mama yake, akambusu bibi yake, akachukua kipande cha mkate kilichobaki akaenda zake. Otha aliinuka akaanza kuosha vyombo, na Vernell alijua mumewe anaumia, kwa sababu katika ndoa yao yote hajawahi kumwona karibu na sinki.

"Tumwambie," Vernell alisema.

"Mechi mbili tu zimebaki," Mama Ozella alijibu. "Mtoto atanuna, itapita. Kombe je?"

Moja kati ya hizo mbili tulishinda, Otha akiwa kwenye mashine zake. Ya mwisho ndiyo iliyoleta balaa. Ilikuwa dhidi ya Dunmore, watani wetu tangu enzi za babu zetu, na mshindi angechukua kombe. Tena ilikuwa Siku ya Wanaomaliza. Kwa desturi, kabla ya mechi hiyo kila mchezaji wa mwaka wa mwisho huingia katikati ya uwanja akiwa kati ya baba na mama, jina lake linatangazwa, mama anapewa maua, watu wanalia. Yaani Otha alitakiwa aingie uwanjani, akanyage zile nyasi zenyewe.

Jumatano, baada ya maombi, hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani. Mchungaji Pettway alikohoa.

"Wapendwa, tuna jambo la kifamilia. Nimeliombea sana. Kijana Tavares nilimbatiza mimi kwa mikono yangu. Ni kama mwanangu. Kwa hiyo, kama itafaa, siku hiyo naweza kusimama mimi upande wa baba."

"Amina!" kanisa likaitikia.

"Tena koti la Mchungaji lina rangi za timu," Lucius akaongeza.

"Nipo hapa, jamani," Otha alisema kutoka benchi la nyuma.

Mama Ozella akageuka. "Tunajua upo. Ndiyo maana tunazungumza kwa adabu."

Watu wakacheka, wengine wakamtazama kwa huruma, na huruma yao ilimuuma kuliko kicheko. Alishusha macho akawa anazitazama kucha zake zenye grisi. Angekubali, namjua. Alikuwa ameshafungua mdomo akubali. Lakini Vernell alisimama, na Vernell akisimama benchi zima husimama naye, maana ni mama mwenye mwili.

"Mchungaji, siku ninajifungua Tavares, wewe ulikuwa wapi?"

"Dada Vernell, mimi nasema tu kwamba..."

"Nauliza ulikuwa wapi. Kwa sababu huyu bwana alikuwa amenishika mkono, nami nikamng'ata kidole mpaka mfupani, na kovu analo mpaka leo. Wewe una kovu? Hebu tuonyeshe kovu lako."

Mchungaji hakuwa na kovu.

Wakabishana mpaka mlinzi akaanza kuzima taa, wakafikia mwafaka. Otha ataingia na mwanawe. Ila kabla mpira wa kwanza haujapigwa, Lucius atakuwa kwenye lango la nyuma na gari linalounguruma, amkimbize ng'ambo ya barabara kuu. Vernell alinuna, lakini Otha mwenyewe alisema sawa. "Nitatembea naye," alisema. "Inatosha." Haikutosha, lakini ndivyo alivyosema.

Jumamosi ikafika. Tangu asubuhi maegesho ya uwanja yalijaa moshi wa nyama, bendi ilikuwa imeshalewa tarumbeta zake, na mabinti wa chuo walipaka nyuso miiba ya nungunungu. Otha alivaa suti yake ya mazishi na kofia yake ya pama, ile anayovaaga uwanjani. Alisimama katika foleni ya wazazi, mke wake upande mmoja, na katikati yao Tavares, mabega yamefura kwa vazi la mechi.

Wakaanza kutembea. Huko langoni Lucius alikuwa anachezesha funguo.

"Baba," Tavares alisema bila kugeuza shingo, "leo utakaa?"

Otha alimtazama Vernell. Vernell alitazama mbele. Basi pale pale kwenye nyasi, huku majina ya wenzao yanatangazwa, Otha akasema yote kwa pumzi moja: barafu, kufungwa, kufunga, duka la mashine, Mama Ozella, banda.

Tavares alisimama. Foleni ya nyuma ikawagonga.

"Barafu?"

"Barafu."

"Si aibu?"

"Aibu ya nini? Mimi nimekunja nguo za ndani za nusu ya mji huu ili wewe ushinde, halafu unaniuliza aibu?"

Kijana alianza kucheka, kisha uso ukamgeuka, na machozi yakamtoka jitu zima lile. "Baba, unajua nikiinama naona nini? Namwona Deke, nyuma yake mpigaji, na nyuma yao jukwaa letu lote limepinduliwa kichwa chini. Miaka mitatu nilikuwa naitafuta kofia yako. Nikishaiona, mikono inatulia, narusha. Mwaka huu kwenye kiti chako Bibi ameweka sufuria ya maharage. Msimu mzima narusha mpira huku natazama sufuria."

"Lakini mmeshinda."

"Tumeshinda, ndiyo. Leo kaa. Tukifungwa, tufungwe."

Jina likatangazwa: Tavares Mabry. Watu walipiga makofi ya heshima huku wakiulizana ni nani. Vernell alipokea maua, akamwinamia mumewe sikioni akitabasamu kwa ajili ya mpiga picha. "Otha, ukitoka uwanjani leo, ukalale huko huko kwenye mashine."

Lucius alimpungia mkono. "Kaka Otha! Gari linaunguruma!"

"Lizime," Otha alimjibu. "Utamaliza mafuta bure."

Akapanda jukwaani, akaitoa sufuria kwenye kiti chake, akamkabidhi Mama Ozella mapajani, akakaa. Mama mmoja mbele yake aliwakusanya wajukuu zake akahama nao. Mchungaji Pettway alizitazama soksi zake kama mtu anayeomba msamaha.

Dunmore wakafunga kwanza, na nusu ya uwanja ikageuka kumtazama Otha. Nungunungu wakarudisha, na watu hawakujua tena waamini nini. Ndipo Tavares akaingia kwa pigo la pointi ya nyongeza. Aliinama, na mpira ukatoka katikati ya miguu yake ukaenda umenyooka hadi mikononi mwa Deke. Ukapigwa, ukapita. Watu wote walikuwa wanautazama ukipaa kati ya milingoti, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa bado anamtazama kijana aliyelaliwa na majitu matatu.

"Umeona alivyourusha?" Otha alimtikisa Mama Ozella. "Umeona? Umeona?"

"Niachie bega langu," alisema Mama Ozella. Lakini alikuwa ameona mkwewe anavyolia, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mechi ilikabana mpaka mwisho. Zikabaki sekunde za mwisho, Dunmore wako mbele kwa pointi moja, na sisi tuko karibu na milingoti kabisa. Mama Ozella angeweza kuupitisha mpira ule kwa kandambili. Kinachotakiwa ni kuinama, kurusha, kupiga, kombe. Tarumbeta moja ilikuwa imeshaanza kulia ushindi.

Muda wote huo Otha alikuwa amekalia viganja vyake, asije akaleta nuksi kwa mikono. Sasa alishindwa. Alipoona mwanawe anainama, alipanda juu ya kiti na suti yake ya mazishi, akavua kofia akaipunga huku na huko kwa nguvu zake zote.

Mpira ukaruka juu. Ukapita juu ya kichwa cha Deke, ukapita juu ya kichwa cha mpigaji, ukaanguka nyuma huko ukadunda kama unavyodunda mpira wenye umbo la yai, mara kushoto, mara kulia, mara usoni kwa Deke aliyekuwa anaufukuza, na kijana wa Dunmore akaulalia. Mechi imekwisha.

Tarumbeta ile ilikatika katikati ya sauti. Mtangazaji akasema kosa ni la Tavares Mabry, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne mji mzima ukajua mwinamaji wetu anaitwa nani. Kisha vichwa vyote, maelfu ya vichwa, vikageuka. Otha alikuwa bado amesimama juu ya kiti, kofia iko hewani.

Kwenye maegesho hakuna aliyewasalimia. Lucius aliwapa mgongo akawa anageuza soseji ambazo zilishaungua. Mchungaji Pettway alivua soksi zake za manjano mbele za watu akazitupa kwenye jiko la mkaa, na nyama ya familia tatu ikaharibika kwa harufu. Vernell alipanga sahani. Mama Ozella alikunja mikono kifuani.

Tavares alikuja na begi lake, nywele zimelowa, akaketi kwenye kiti cha kukunja akainamisha kichwa.

"Nilikuwa namwangalia Baba," alisema. "Ilitakiwa niangalie mikono ya Deke. Nikaangalia kofia."

Mama Ozella akakunjua mikono taratibu, uso ukaanza kumng'aa.

"Si nilisema?" Aligeukia maegesho yote. "Si nilisema? Mechi ya kwanza tu, nilisema! Mlidhani bibi kizee anabwabwaja! Kumbe ni yeye! Mtoto kasema mwenyewe!" Kombe lilikuwa limekwenda Dunmore, lakini yeye alikuwa amepata la kwake. Alichukua sahani kubwa, akachagua ubavu wenye nyama nyingi kuliko zote, akamwekea Otha mapajani. "Kula, mkwe wangu. Kula, nuksi yangu. Kesho kanisani utakaa na mimi."

Vernell alianza kucheka, akajaribu kujizuia, akashindwa akashika meza. Tavares naye mabega yakaanza kumtikisika. Alipoinua uso alikuwa na macho mekundu.

"Baba, ulikwenda wapi?"

"Nani?"

"Mpira. Mimi nikisharusha tu, majitu yananilalia, natazama nyasi. Miaka yote hii sijawahi kuona mpira wangu umefika wapi. Najua kwa kusikia watu. Leo sikusikia kitu."

"Mwache mtoto, Otha," Vernell alisema. "Usimtoneshe."

"Nataka kujua, Mama."

Lucius, bado amewapa mgongo, alirudi nyuma hatua moja. Mtu wa jiko la pili akapunguza redio. Otha alijifuta mafuta vidoleni kimoja kimoja, akasogeza kiti chake karibu na cha mwanawe, magoti yakagusana.

"Sogea nikuhadithie," alisema. "Nitaanza na ule wa kwanza, ulionyooka. Mimi nilikuwepo."